Hofu ya Mwendo wa Pole: Asili ya Ndege za Uwanja Mfupi, Ikitazamwa kutoka Bonde la Lambwe

Bonde la Lambwe liko kusini mwa Ghuba ya Winam, katika Kaunti ya Homa Bay, na upande wake wa kusini ardhi inaendelea hadi Migori na mpaka wa Tanzania. Milima ya Gwassi inalikinga upande wa magharibi, genge la Kanyamwa linainuka upande wa mashariki, na vilima vya Ruri vinasimama kaskazini, hata mtu aliye katikati ya bonde huona miinuko karibu kila anakogeuka, ilhali Ziwa Viktoria lenyewe liko umbali mfupi tu nyuma ya vilima hivyo. Katikati ya bonde iko Hifadhi ya Taifa ya Ruma, yenye kilomita za mraba 120 hivi, ambayo ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1966 na kupandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Inajulikana hasa kwa kuwa makao ya mwisho nchini Kenya ya korongo, mnyama mkubwa wa jamii ya paa mwenye pembe zilizopinda kuelekea nyuma, ambaye hapaswi kuchanganywa na korongo mwenye mabawa wala korongo lililochimbwa na maji. Kwa anayechunguza historia ya usafiri wa anga, hata hivyo, bonde hili lina umuhimu mwingine, kwa kuwa hewa yake nyepesi, joto lake la mchana, nyasi zake ndefu, vilima vyake na wadudu wake ni mkusanyiko wa karibu matatizo yote ambayo ndege ndogo ya uwanja mfupi iliitwa kuyatatua, pamoja na moja ambalo haikuweza kulitatua.

Ndege inayozungumziwa hapa ni ndege nyepesi ya mruko na mtuo mfupi, ambayo marubani huitaja kwa herufi nne, STOL, yaani ndege inayoweza kuiacha ardhi na kuirudia katika umbali wa mita mia moja au mia mbili, mahali ambapo ndege ya kawaida ya ukubwa uleule ingehitaji mara mbili au tatu ya umbali huo. Siri ya ufupi huo haiko kwenye injini peke yake. Bawa hupata nguvu ya kunyanyua kutokana na hewa inayolipita, na nguvu hiyo hukua kwa mraba wa kasi, maana yake kasi ikiongezeka maradufu nguvu huwa mara nne. Kwa kanuni hiyohiyo, umbali ambao ndege hukimbia ardhini hufuata mraba wa kasi inayotakiwa ili iruke, kwa hiyo ndege inayoweza kujibeba angani kwa kilomita 60 kwa saa huhitaji, mambo mengine yakiwa sawa, robo tu ya uwanja unaohitajiwa na ile isiyoweza kujibeba chini ya kilomita 120.

Mambo mengine, bila shaka, hayawi sawa, na Lambwe ni mfano mzuri wa jambo hilo. Kwenye mwinuko wa mita 1,300, mchana wenye joto la nyuzi 28, uzito wa hewa hushuka hadi asilimia 82 hivi ya ule wa usawa wa bahari katika hali ya wastani, kana kwamba ndege iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000. Bawa linalopitiwa na hewa pungufu hulazimika kukimbia zaidi kwa takriban asilimia 10 ili lipate nguvu ileile, na kwa sababu hiyo moja tu uwanja unahitaji kurefushwa kwa zaidi ya moja ya tano. Injini ndogo nayo, kwa kuwa huvuta hewa hiyohiyo nyepesi, hutoa nguvu pungufu wakati huohuo nguvu zaidi inapohitajika. Rubani anayeondoka bondeni saa nane mchana huku genge la Kanyamwa likiwa mbele yake hulipa gharama hizo zote kwa pamoja, na ndiyo maana safari za ndege ndogo katika nyanda za juu za Afrika Mashariki kwa desturi huanza alfajiri.

Ni rahisi kudhani kwamba ndege za namna hii zilibuniwa kwa ajili ya nchi kama hizi, yaani nchi za porini zisizo na viwanja. Asili yake ni ya zamani kuliko hapo, na chanzo chake ni hofu. Katika miaka ya mwanzo ya urubani, jambo lililoua watu wengi lilikuwa mwendo wa pole. Rubani aliyepunguza kasi ili atue, au aliyeinua pua ya ndege ili akwepe miti, alilazimika kuongeza pembe kati ya bawa na upepo unaolikabili, na pembe hiyo ilipopita kiasi fulani, hewa iliyokuwa ikiteleza juu ya bawa ilibanduka na kuvurugika, nguvu ya kunyanyua ikakatika ghafla, na ndege ikaanguka, mara nyingi ikizungukazunguka kama jani. Hali hiyo inaweza kuitwa kushindwa kwa bawa. Haitokani na injini kuzimika, kwani injini inaweza kuwa inanguruma kwa nguvu zake zote wakati bawa linaposhindwa, na karibu na ardhi haimpi rubani nafasi ya kujirekebisha. Uvumbuzi mwingi ambao baadaye ulizaa ndege ya uwanja mfupi ulianza kama dawa ya ajali hiyo.

Mjerumani Gustav Lachmann alikuwa mmoja wa walioanguka hivyo. Mwaka 1917, akiwa mwanafunzi wa urubani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ndege yake ilishindwa bawa na kuanguka, na alipokuwa hospitalini akiuguza majeraha alifikiri kwamba bawa lililopasuliwa mwanya mwembamba karibu na ukingo wake wa mbele lingeruhusu hewa ya chini ipenye na kuisukuma ile ya juu ishikamane na bawa kwa muda mrefu zaidi. Aliomba hataza ya wazo hilo Februari 1918. Uingereza, bila kujua habari zake, Frederick Handley Page alikuwa akifikia wazo lilelile kwa majaribio ya mabawa madogo katika handaki la upepo, na mwaka 1920 ndege ya aina ya DH.9 iliyofungwa vibao vyembamba mbele ya mabawa, vikiacha mwanya kati yake na bawa, ilirushwa mbele ya watazamaji. Watu hao wawili wangeweza kuburutana mahakamani kwa miaka. Badala yake walipatana, na Lachmann akaja kufanya kazi katika kampuni ya Handley Page yenyewe. Umbo la baadaye la kibao hicho lilikuwa la kujiendesha, likifunguka lenyewe hewa inapoanza kubanduka na kujifunga kasi inaporudi, hivi kwamba rubani hakuhitaji kukumbuka lolote wakati ambapo kukumbuka ni kugumu zaidi.

Mhispania Juan de la Cierva alichagua njia nyingine. Baada ya ndege kubwa aliyoiunda kuanguka mwaka 1919 kwa kushindwa bawa, aliamua kuachana kabisa na bawa lililokaa tuli, akabuni chombo ambacho mapanga yake ya juu huzungushwa na upepo wa mwendo, na mwaka 1923 chombo hicho kiliruka. Marekani nako, mfuko wa Daniel Guggenheim ulitangaza shindano la ndege salama lenye zawadi ya dola 100,000, na miongoni mwa masharti yake ndege ilitakiwa iweze kwenda kwa utulivu kwa maili 35 tu kwa saa, ambazo ni kilomita 56. Mshindi, aliyetangazwa mwanzoni mwa 1930, alikuwa Curtiss Tanager, ndege yenye mabawa mawili yaliyopangwa juu na chini, yakiwa na vibao vya mbele na flapu, yaani sehemu za nyuma ya bawa zinazoweza kuteremshwa ili kuongeza mpindo wake. Haikuwahi kuuzwa kwa wingi, kwani mdororo wa uchumi ulikuwa umeshaanza, lakini shindano lenyewe lilikuwa limeweka kipimo: ubora wa ndege sasa ungeweza kuhukumiwa kwa upole wake, na si kwa mbio zake pekee. Hapohapo Marekani, Harlan Fowler alikuwa akijaribu tangu 1924 flapu inayoteleza kwenda nyuma huku ikishuka, ili ipanue bawa pamoja na kulipinda.

Wakati huo Afrika Mashariki ilikuwa bado inatumia ndege zilizokuja kama zilivyo. Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways mjini Nairobi mwaka 1929, akisaidiwa na rubani Tom Campbell Black, na ndege yake ya kwanza ilikuwa Gipsy Moth, mrithi wa ile Moth iliyoruka mara ya kwanza Uingereza Februari 1925. Moth haikuundwa kwa ajili ya viwanja vifupi, ila kwa kuwa ilikuwa nyepesi, yenye mabawa mawili mapana ya mbao na kitambaa, iliweza kutua mahali ambapo ng'ombe walikuwa wamefukuzwa dakika chache kabla, na kwa miaka michache hilo lilitosha. Katika miaka ya 1930 kampuni hiyo ilibeba barua na abiria hadi Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam, hadi vita vya 1939 vilipozichukua ndege zake na marubani wake kwa kazi za jeshi. Uwanja wake wa Nairobi, uliopewa jina la Wilson mwaka 1962, ndio hadi leo kitovu cha ndege ndogo nchini Kenya.

Kwa watu wa Nyanza, eneo ambalo Lambwe imo ndani yake, hata hivyo, ndege ya kwanza yenye maana haikuwa ndogo wala haikuhitaji uwanja. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilianza safari zilizofika Kisumu na Mwanza kwa ndege za majini, na ziwa likawa uwanja mrefu kuliko wowote barani, usiofyekwa wala kusawazishwa. Ndege nzito iliweza kukimbia juu ya maji hadi itakapotaka, na kwa hiyo tatizo la mwendo wa pole liliahirishwa badala ya kutatuliwa. Ilitosha kwa barua za Kisumu. Aliyekuwa nyuma ya vilima, Lambwe au Ndhiwa, hakufikiwa na huduma hiyo, kwa sababu ndege ya ziwani haina la kufanya mbali na maji.

Ndege iliyokusanya mengi ya mawazo yaliyotangulia ndani ya mwili mmoja ilitoka Ujerumani mwaka 1936. Fieseler Fi 156, iliyoitwa Storch kwa jina la korongo yule mwenye mabawa na miguu mirefu, ilikuwa na bawa moja lililowekwa juu ya chumba cha rubani, vibao visivyosogea kwenye urefu wote wa ukingo wa mbele, flapu kubwa zenye mianya nyuma, na magurudumu yaliyoning'inia kwenye miguu mirefu yenye springi ili yameze kishindo cha kutua kwa mteremko mkali. Kwa injini ya nguvu farasi 240 ilihitaji mita 60 hivi kuruka, na ikikabili upepo wa kutosha ilitua katika mita 20. Waingereza mwaka huohuo walirusha Westland Lysander, ambayo baadaye ilitumika kuwapeleka na kuwachukua wapelelezi usiku katika mashamba ya Ufaransa. Zote mbili zilikuwa vyombo vya jeshi, lakini kazi ambayo pengine ndiyo iliyoonyesha thamani ya Storch kuliko nyingine zote ilifanyika vita vikiwa vimekwisha, Novemba 1946, wakati Waswisi walipotua nayo juu ya barafu ya Gauli na kuwaokoa Wamarekani waliokuwa wameanguka mlimani. Uokoaji wa angani milimani unahesabiwa kuwa ulianzia hapo.

Muongo uliofuata ndio uliozaa ndege ambazo Afrika Mashariki ilizifahamu kwa sura na kwa sauti. Kampuni ya de Havilland ya Kanada, ikitafuta soko baada ya vita, iliwauliza marubani wa misitu ya nchi hiyo wanataka nini, na majibu yalikuwa ya watu waliochoka kupakia mizigo kwa shida: nguvu ya kutosha, milango inayopitisha pipa la mafuta, na namna ya kuongeza oili bila kutoka nje kwenye baridi. Matokeo yake, DHC-2 Beaver, iliruka mara ya kwanza tarehe 16 Agosti 1947 ikiwa na injini ya duara ya nguvu farasi 450 na flapu zilizoungana kikazi na vibawa vya kuinamishia ndege, na zaidi ya 1,600 zilitengenezwa kabla ya kiwanda kuifunga kazi hiyo mwaka 1967. Piper ya Marekani iliichukua Cub yake ya miaka ya 1930, ndege ya mirija ya chuma na kitambaa, ikaiongezea nguvu na flapu, na mwaka 1949 ikatoa Super Cub. Mwaka huohuo Otto Koppen na Lynn Bollinger walitoa ndege iliyozaa Helio Courier, ambayo vibao vyake vya kujifungua vyenyewe vilikuwa urithi wa moja kwa moja wa Lachmann na Handley Page. Wajerumani, waliokuwa wamekatazwa kuunda ndege nchini mwao, walifanya kazi Hispania, ambako Claude Dornier alirusha Do 25 mwaka 1954, na kutokana nayo ikaja Do 27.

Inafaa kusemwa wazi kwamba nchini Kenya ndege nyepesi ya porini ilitumikia utawala kabla ya kumtumikia mwananchi. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952, kikosi cha anga cha polisi wa akiba, kikitumia ndege ndogo za Piper, kiliruka juu ya misitu ya Nyandarua na Kirinyaga kutafuta kambi za wapiganaji wa Mau Mau, kudondosha vifaa kwa askari na kuwaonyesha marubani wa ndege za mabomu mahali pa kulenga, huku ndege za Auster zilizofungwa vipaza sauti zikiwahimiza waliokuwa msituni wajisalimishe. Ndege hizo hazikuwa za uwanja mfupi kwa maana kamili, lakini kazi yenyewe, ya kwenda polepole, chini sana, katika hewa nyepesi ya milimani, iliwapa marubani wa Kenya ujuzi ambao baadaye ulihamia kwenye hifadhi za wanyama. Uhuru ulipopatikana, jeshi la anga la Kenya lililoundwa tarehe 1 Juni 1964 lilianza na Chipmunk za mafunzo na Beaver za uchukuzi, kisha likapata Caribou, ndugu mkubwa wa Beaver mwenye injini mbili: kikosi kizima cha ndege za Kanada, zilizochaguliwa kwa ajili ya viwanja vya kaskazini mwa Kenya ambavyo havikuwa na lami.

Ng'ambo ya mpaka, kusini mwa Migori, Do 27 ilifanya kazi ambayo ilibadilisha namna ya kuutazama uwanda wa Serengeti. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walifika na ndege hiyo kutoka Frankfurt, ikiwa imepakwa milia ya punda milia na kuandikwa D-ENTE, herufi ambazo Mjerumani husoma ndani yake neno la bata na Mganda angesoma la ng'ombe, na mwaka 1958 walihesabu kwa kuruka chini wanyama wakubwa wa uwanda huo, wakapata zaidi ya 360,000. Hesabu ya namna hiyo inahitaji ndege inayoweza kwenda pole kiasi cha jicho kutofautisha nyumbu na swala, na inayoweza kutua popote mafuta yalipowekwa. Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tai mla mizoga, Michael akafa, naye akazikwa kwenye ukingo wa Ngorongoro. Filamu yao ya Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Vibao, mianya na flapu vilikuwa vimeiondoa hatari moja, ile ya bawa kushindwa, na kumwezesha rubani kwenda mahali penye hatari nyingine: kuruka chini ni kuruka katika njia ya tai.

Madaktari nao hawakukawia. Mwaka 1957 Michael Wood, daktari wa upasuaji aliyejifunza urubani, pamoja na wenzake Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha huduma iliyokuja kuitwa AMREF, na kwa watu wengi wa mashambani nchini Kenya na Tanganyika daktari bingwa wa kwanza waliyemwona alishuka kutoka kwenye ndege ndogo. Historia hiyo imesimuliwa mara nyingi, na hapa inatosha kutaja kwamba huduma hiyo ilitegemea kiwanja cha nyasi kilichofyekwa na wanakijiji wenyewe, chenye urefu ambao nguvu za watu wenye mapanga ziliweza kuutunza dhidi ya mvua na mchwa. Ufupi wa uwanja ulikuwa suala la kibarua sawasawa na la uhandisi.

Lambwe iliingia katika historia hii kwa mlango wa mdudu. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ambaye pia huitwa ndorobo, uliua watu wengi mno kandokando ya Ziwa Viktoria, na ingawa mlipuko huo mkubwa ulififia, mbung'o wa vichaka vya Lambwe, wa aina inayoitwa na wataalamu Glossina pallidipes, waliendelea kuwaambukiza ng'ombe nagana, ugonjwa wa mifugo wa jamii ya malale, na watu malale ya aina kali ambayo huweza kuua katika muda wa miezi. Bonde lenye udongo mzuri na maji likakaa likiwa na watu wachache kuliko lilivyoweza kuwabeba. Wanyama wa pori, ambao damu yao huhifadhi vijidudu vya ugonjwa huo bila wao kuumwa sana, ndio waliofaidika, na hifadhi ya Ruma ipo kwa kiasi fulani kwa sababu mbung'o aliilinda kabla ya sheria.

Wazo la kumpiga mbung'o kutoka angani lilipata nguvu mara baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati dawa ya wadudu ya DDT ilipopatikana kwa wingi na ndege za ziada za kijeshi zikakosa kazi. Kule Zululand, Afrika Kusini, ndege za Avro Anson zilizokuwa za mafunzo zilinyunyizia dawa juu ya vichaka na kumwondoa mbung'o wa aina hiyohiyo ya pallidipes, na katika Afrika Mashariki kikosi cha utafiti wa viuadudu cha serikali ya kikoloni, kilichoanzia Entebbe na baadaye kuhamia Arusha, kilifanya majaribio yake kwa Anson vilevile. Anson ilikuwa ndege ya injini mbili, isiyo na sifa yoyote ya uwanja mfupi. Iliteuliwa kwa kuwa ilikuwepo na ilikuwa rahisi, jambo ambalo katika historia ya ufundi huamua mengi kuliko ubora. Ndege zilizoundwa mahsusi kwa kunyunyizia zilikuja baadaye. Huko Marekani Fred Weick, mhandisi aliyekuwa ameshughulikia usalama wa ndege za mwendo wa pole tangu miaka ya 1930, aliunda Ag-1 mwaka 1950, kisha Piper Pawnee, ambayo rubani wake alikaa juu na nyuma ya tangi la dawa ili ajali ikitokea asifinywe kati ya mzigo na injini. Hofu iliyomsukuma Lachmann hospitalini ilikuwa imehamia mashambani.

Afrika Mashariki yenyewe iliunda mwaka 1962 shirika la kupambana na nzige wa jangwani, DLCO-EA, ambalo baadaye lilipewa pia kazi dhidi ya kweleakwelea na mbung'o, na miongoni mwa ndege zake zilikuwamo Beaver. Hapo ndipo sifa zilizoombwa na marubani wa Kanada zilipopata matumizi ambayo hawakuyawaza. Chumba kilichopimwa kwa mapipa ya mafuta kilibeba tangi la dawa, na mruko mfupi uliofikiriwa kwa ajili ya maziwa na theluji uliiwezesha ndege kukaa karibu na kundi la nzige badala ya kurudi mjini kila mara kujaza.

Mlipuko wa malale huko Alego mwaka 1964 uliwakumbusha wakuu wa afya kwamba ugonjwa haujaondoka Nyanza, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wagonjwa wakaongezeka Lambwe kwenyewe. Mwaka 1981 bonde lilinyunyiziwa kutoka angani kwa dawa ya wadudu ya endosulfani, kwa mbinu inayoitwa unyunyizaji wa mfululizo, ambayo inahitaji kuelezwa kwa kuwa ndiyo inayoonyesha ndege inaweza nini na haiwezi nini. Mbung'o jike hatagi mayai. Huzaa buu mmoja mmoja, na buu huyo hujichimbia udongoni kivulini na kugeuka pupa, akakaa humo kwa mwezi mmoja hivi kutegemea joto. Dawa inayomwagwa kwa matone madogo kama ukungu huwaua wanaoruka wakati ule, haibaki kwenye majani kwa muda mrefu, wala haimfikii aliye udongoni. Kwa hiyo ndege hulazimika kurudi tena na tena, kila mara baada ya muda uliopigiwa hesabu ili waliotoka udongoni wafe kabla ya kuzaa, hadi akiba yote ya chini ya ardhi iishe.

Masharti ya kazi hiyo ni magumu. Matone madogo hufuata hewa, na jua likishapanda hewa ya bondeni huanza kuinuka na kuyabeba hadi mahali pasipokusudiwa. Kwa hiyo unyunyizaji wa namna hii hufanywa hewa ikiwa imetulia, baridi ikiwa chini na joto juu, yaani jioni, usiku au alfajiri. Ndege lazima iruke chini, katika mistari iliyonyooka, kwa kasi isiyobadilika, na kila mstari ukifika mwisho igeuke. Katika uwanda mpana hilo ni jambo la kuchosha tu. Katika Lambwe, ambako mistari inaishia kwenye kuta za Gwassi na Kanyamwa, kila kugeuka ni kupanda huku ndege ikiinama, na kuinama huongeza mzigo unaobebwa na bawa na kuisogeza karibu na kile kiwango ambacho bawa hushindwa. Hapo ndipo ilipo sababu ya kihandisi ya kutaka bawa linalosamehe. Pembezoni mwa bonde, ambako vichaka hupanda magenge na upepo huyumba, ukungu wa dawa hautui sawasawa hata rubani awe hodari kiasi gani.

Idadi ya mbung'o ilishuka sana. Kisha ikapanda tena. Watafiti waliofuatilia baada ya unyunyizaji, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 1986, walieleza jinsi kundi lililobaki lilivyojijenga upya hadi kufikia viwango ambavyo mazingira yenyewe huviruhusu, na Lambwe ikawa katika maandiko ya kitaalamu mfano wa mahali ambapo ushindi wa angani haukudumu. Itakuwa kosa kuilaumu ndege kwa hilo. Ndege ya mwendo wa pole ilifanya kile ilichoundwa kufanya, yaani kukaa hewani salama mahali ambapo nyingine ingeanguka. Mbung'o wachache waliosalia vichakani na udongoni ni swali la baiolojia, na halijibiwi kwa bawa, hata liwe na mwanya ulionyooka kiasi gani.

Baada ya hapo kazi dhidi ya mbung'o ilishuka ardhini. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kilichoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, kilikuwa na tawi lake Mbita, kwenye mwambao wa ziwa karibu na Lambwe, na mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi, rangi zinazomvuta mbung'o, ikachukua sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ya ndege. Mtego huo hausafiri. Hungojea kichakani mdudu aufuate.

Ndege nayo ilibaki na wanyama. Shirika la Wanyamapori la Kenya, lililoundwa katika miaka ambayo ujangili wa tembo ulikuwa umefika kilele, liliunda kikosi cha anga kinachotumia, pamoja na nyingine, ndege za Husky zilizobuniwa Marekani katikati ya miaka ya 1980 kwa mfano wa Super Cub: viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, bawa la juu la kitambaa, gurudumu dogo mkiani na injini ya nguvu farasi 180. Faru walihamishiwa Ruma mwanzoni mwa miaka ya 2010, na hifadhi iliyokuwa maarufu kwa korongo na mbung'o ikawa mahali pa kulindwa kwa karibu zaidi. Huko kwenye visiwa vya jirani, Rusinga na Mfangano, na Kabunde karibu na mji wa Homa Bay, viko viwanja vidogo ambako ndege hutua na abiria, ng'ambo tu ya maji ambayo katika miaka ya 1930 yalikuwa uwanja wenyewe.